Kabla Hujanunua Prosesa, Soma Mazabodi Yako

Kompyuta nyingi za kuchezea magemu hapa Afrika Mashariki zilianza kazi zikiwa za ofisini. Ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre zilizotumika ughaibuni, zikaletwa kwa makontena ya mtumba na kuuzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. Mwenye nayo huongeza RAM, akaweka SSD na kadi ya michoro, na kwa muda mambo huenda vizuri. Kisha linatoka gemu jipya. Barabara za ndani ya gemu zikijaa magari na watu, picha inaanza kukatakata, na swali linakuja: ninunue prosesa gani?

Swali hilo limeruka hatua. Prosesa haifanyi kazi peke yake. Inakaa kwenye soketi ya mazabodi, yaani ubao mama, na ubao huo ndio unaoamua prosesa ipi itawaka, RAM ya aina gani itaingia, kadi ya michoro itapata njia pana kiasi gani, na kama miaka mitatu ijayo utaweza kuboresha tena bila kuanza upya. Mwenye fedha nyingi anaweza kukosea hapa akanunua tena. Mwenye bajeti ndogo hana nafasi hiyo, kwa hiyo aanze na mazabodi, kisha achague prosesa inayoifaa.

Jua kwanza nani anachelewesha kazi

Kila picha unayoiona kwenye gemu hupitia mikono miwili. Prosesa hukokotoa nani yuko wapi, risasi imepiga nini, mpira umeelekea upande gani, kisha huandaa maagizo. Kadi ya michoro hupokea maagizo hayo na kuchora. Ni kazi ya ujenzi: saidia fundi anachanganya udongo na kusogeza matofali, fundi anajenga. Saidia fundi akichelewa, hata fundi bingwa atakaa akisubiri.

Ili upate fremu 60 kwa sekunde, kila fremu lazima ikamilike ndani ya milisekunde 16.7. Prosesa ikitumia milisekunde 25 kuandaa maagizo, hutavuka fremu 40, hata ukinunua kadi ya michoro ghali kuliko zote sokoni. Ndiyo maana kipimo huja kabla ya manunuzi.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Fungua gemu linalokusumbua, nenda sehemu ambayo huwa linakwama, uandike idadi ya fremu. Kisha shusha azimio la picha kutoka 1080p hadi 720p na urudi sehemu ile ile. Fremu zikipanda sana, kadi ya michoro ndiyo iliyokuwa imeelemewa, na fedha yako iende huko. Zikibaki pale pale, tatizo liko upande wa prosesa, kwa kuwa kazi yake haipungui sana picha ikiwa ndogo.

Usidanganywe na asilimia ya jumla inayoonyeshwa na Task Manager. Prosesa yenye viini vinne inaweza kusomeka asilimia 50 huku kiini kimoja kinachobeba kazi kuu ya gemu kimefika mwisho. Kiashiria cha kuaminika zaidi ni matumizi ya kadi ya michoro. Ikiwa imekaa asilimia 95 na kuendelea, imebanwa yenyewe. Ikiwa inacheza kati ya 50 na 70 huku fremu ni chache, kuna uwezekano mkubwa inasubiri prosesa.

Kuna pia mambo ya gharama ndogo ya kumaliza kwanza. RAM ya kijiti kimoja cha GB 8 au 16 hupitia njia moja tu. Vijiti viwili vinavyolingana hufungua njia mbili, na magemu mengi hunufaika mara moja. Vumbi na pasta ya kupozea iliyokauka huifanya prosesa ipate joto na kujishusha kasi yenyewe ili isiungue, jambo la kawaida kwenye mashine ya mtumba iliyokaa miaka minane bila kufunguliwa, tena katika mji wenye joto la nyuzi 30 na zaidi kama Dar es Salaam au Mombasa. Safisha, paka pasta mpya, pima tena. Ukiona bado prosesa ndiyo kikwazo, hapo tuendelee.

Kwa nini viini vinne vimezidiwa

Prosesa zilizojaa kwenye mashine za mtumba ni kama Core i5-4590 ya mwaka 2014 na i5-6500 ya mwaka 2015. Zote zina viini vinne na nyuzi nne, yaani zinashughulikia mikondo minne ya kazi kwa wakati mmoja. Kwa miaka mingi hilo lilitosha, kwa sababu magemu makubwa yalitungwa yakizilenga PlayStation 4 na Xbox One za mwaka 2013, ambazo prosesa zake zilikuwa na viini vinane dhaifu.

Mambo yalibadilika Novemba 2020 zilipotoka PlayStation 5 na Xbox Series X na S. Hizi zina viini vinane vya usanifu wa Zen 2 wa AMD, vyenye nyuzi 16. Watengenezaji wa magemu sasa wana saidia fundi mwenye nguvu, na wanampa kazi nyingi zaidi: miji yenye watu wengi, mwanga unaokokotolewa papo hapo, data inayopakuliwa kutoka SSD mfululizo. Gemu hilo likihamia kwenye kompyuta yenye nyuzi nne, foleni inakuwa ndefu, na unachokiona ni mikwamo ya ghafla hata kama wastani wa fremu unaonekana mzuri.

Hata hivyo, usikimbilie wingi wa viini. Mtandaoni zinauzwa mazabodi za China za soketi LGA2011-3 zikiwa pamoja na prosesa za seva kama Xeon E5-2680 v4. Prosesa hiyo ya mwaka 2016 ina viini 14 na nyuzi 28, na bei yake huvutia. Lakini kasi yake ya juu ni GHz 3.3, na kila kiini hufanya kazi kidogo kwa kila mpigo wa saa kuliko prosesa za leo. Core i3-12100F ya mwaka 2022 ina viini vinne tu na nyuzi nane, lakini hufika GHz 4.3 na usanifu wake ni mpya zaidi. Kwenye magemu mengi inaishinda ile Xeon. Gemu halina uwezo wa kugawa kazi yake kwa usawa kwenye viini 14. Daima kuna uzi mmoja mkuu unaobeba mzigo mkubwa, na uzi huo unahitaji kiini chenye kasi.

Baada ya idadi ya viini na kasi ya kila kiini, jambo la tatu ni kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Data ikipatikana humo, prosesa haina haja ya kuifuata kwenye RAM, safari inayochukua muda mrefu zaidi. Magemu hurudiarudia data ile ile, kwa hiyo hupenda sana kashe kubwa. Ndiyo sababu Ryzen 7 5800X3D ya Aprili 2022, yenye MB 96 za kashe ya ngazi ya tatu, ilizipita kwenye magemu prosesa nyingine nyingi zilizokuwa na viini vingi kuliko vyake.

Kwa bajeti ndogo, basi, kipimo changu ni hiki: viini sita na nyuzi 12 za usanifu wa mwaka 2020 na kuendelea. Ukibanwa sana, viini vinne na nyuzi nane za usanifu huo huo. Chini ya hapo fedha yako itadumu muda mfupi.

Soketi ndiyo inayofunga au kufungua mlango

Intel imebadilisha soketi mara nyingi. LGA1155 ni ya kizazi cha 2 na cha 3, LGA1150 ni ya cha 4, LGA1151 ni ya cha 6 hadi cha 9, LGA1200 ni ya cha 10 na cha 11, na LGA1700 ni ya cha 12 hadi cha 14. Katika orodha hiyo LGA1151 ina mtego. Kizazi cha 8 na cha 9 vinatumia soketi yenye jina lile lile na umbo lile lile la cha 6 na cha 7, lakini mpangilio wa umeme ni tofauti. Ukichomeka Core i5-8400 kwenye mazabodi ya i5-6500, itaingia vizuri kabisa na haitawaka.

AMD ilishika njia nyingine. Soketi ya AM4, ambayo Ryzen za kwanza ziliingia nayo madukani Machi 2017, imepokea prosesa kuanzia Ryzen 1000 hadi 5000. Mtu aliyenunua mazabodi ya B350 mwaka 2017 akiwa na Ryzen 5 1600 anaweza leo kuweka Ryzen 5 5600 au hata Ryzen 7 5700X3D ya mwaka 2024, mradi mtengenezaji wa mazabodi yake ametoa toleo la BIOS, programu ya mazabodi inayowasha kompyuta, linaloitambua. Mlango huo kwa chipseti za mwanzo, A320, B350 na X370, ulifunguliwa rasmi mwaka 2022. Ikiwa unamiliki kompyuta ya AM4 ya zamani, usinunue mazabodi kabla hujafungua ukurasa wa mtengenezaji na kutazama orodha ya prosesa zinazokubalika. Huenda uboreshaji mkubwa kuliko wote unaweza kufanyika kwa kubadilisha kipande kimoja tu.

Ukiwa na mashine ya ofisi

Wenye OptiPlex na EliteDesk wana mtihani wa ziada. Mazabodi za mashine hizi hazikutengenezwa ili mtu azibadilishe. OptiPlex 9020 hutumia plagi kuu ya umeme ya pini 8, na EliteDesk 800 G1 ya pini 6, wakati mazabodi za kawaida hutumia pini 24. Plagi ya kitufe cha kuwashia nayo ni ya aina yake, na mashimo ya skrubu mara nyingi hayalingani na mazabodi za dukani. Kwa hiyo ndoto ya kutoa mazabodi ya zamani na kuweka mpya ndani ya kasha lile lile huishia kwenye kununua kasha, pawasaplai, feni ya prosesa na RAM pia.

Hapo zimebaki njia mbili. Ya kwanza ni kufika kilele cha soketi uliyonayo. Kwa mashine ya kizazi cha 4, badilisha i5-4590 kwa Core i7-4770 au i7-4790, zenye nyuzi nane. Kwa ya kizazi cha 6, tafuta i7-6700. Mikwamo itapungua kwa gharama ya kipande kimoja. Njia hii inamfaa anayecheza magemu ya miaka ya nyuma na ana kadi ndogo kama GTX 1650 au RTX 3050 ya GB 6, kadi ambazo huweza kuendeshwa kwa zile wati 75 zinazotolewa na tundu la PCIe inamochomekwa kadi, bila waya wa ziada. Kama kasha lako ni dogo, tafuta toleo la kadi lililo fupi kwa kimo.

Lakini njia hiyo ina ukuta. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa ujumla inadai Intel ya kizazi cha 8 au Ryzen 2000 na kuendelea, pamoja na TPM 2.0, moduli ya usalama ya kompyuta. Baadhi ya magemu ya mtandaoni nayo yameanza kuweka masharti ya aina hiyo ili kuzuia wadanganyifu: Valorant kwenye Windows 11 hudai TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha kompyuta, na Battlefield 6 ya mwaka 2025 hudai Secure Boot. Kadi za Intel Arc, ambazo bei yake ni nzuri, zinahitaji kipengele cha Resizable BAR ili zifanye kazi ipasavyo, na mazabodi za ofisi za kizazi cha 4 hazikuja nacho. Fedha nyingi kwenye i7-4790 haibomoi ukuta huu hata tofali moja.

Njia ya pili ni kuhama kabisa. Chukua SSD, kadi ya michoro, kioo, kibodi na kipanya. Mashine iliyobaki iuze nzima, kwa maana kwa kazi za shule na ofisi bado ina mnunuzi. Kisha jenga upya kwenye kasha la kawaida. Unapopiga hesabu ya njia hii, andika vitu vyote kwenye karatasi moja: prosesa, mazabodi, RAM, pawasaplai na kasha. Wengi hukwama njiani kwa sababu walipanga bei ya prosesa peke yake.

AM4, LGA1700 au AM5?

Kwa anayejenga upya kwa fedha kidogo, soketi tatu zinastahili kufikiriwa.

AM4 ndiyo ninayoipendekeza kwa wasomaji wengi. Inatumia RAM ya DDR4, mazabodi zake zimejaa madukani na kwenye mtumba, na prosesa yake ya kati, Ryzen 5 5600, ina viini sita, nyuzi 12, MB 32 za kashe ya ngazi ya tatu na kiwango cha wati 65. Ilitoka Aprili 2022 kwa dola 199, na tangu hapo bei imeshuka sana. Toleo la boksi huja na feni yake, jambo linalookoa fedha.

Soma majina kwa makini. Ryzen 5 5500 inaonekana ndugu wa karibu, lakini ina MB 16 tu za kashe na inaishia PCIe 3.0. Ryzen 5 5600G nayo iko hivyo hivyo. Faida yake ni kwamba ina kitengo cha michoro ndani, kwa hiyo inamfaa asiye na kadi kwa sasa. Kwa mwenye kadi tayari, 5600 isiyo na herufi ndiyo chaguo bora.

Mazabodi ya kuambatana nayo ni B450 ya mwaka 2018 au B550 ya mwaka 2020. B550 inakupa PCIe 4.0 na huitambua Ryzen 5000 mara nyingi bila usumbufu. B450 ni nafuu zaidi na inatosha vizuri, ila hakikisha BIOS yake imesasishwa. A520 inafaa kwa asiyetaka kuongeza kasi ya prosesa, ingawa inaishia PCIe 3.0. A320 iwe chaguo la mwisho, kwa sababu nyingi zina saketi dhaifu za kulisha prosesa umeme.

LGA1700 inakuja karibu sana. Core i3-12100F ni mlango wa bei ya chini, na Core i5-12400F, yenye viini sita na nyuzi 12, inashindana na Ryzen 5 5600 uso kwa uso. Herufi F maana yake haina kitengo cha michoro ndani. Bila kadi, kioo kitabaki cheusi. Mazabodi ya H610 ina nafasi mbili tu za RAM na vipengele vichache, lakini inaiendesha i3 au i5 hizo bila shida. B660 na B760 zinaongeza nafasi za RAM, za SSD, na ubora wa umeme.

Mtego wa LGA1700 ni RAM. Mazabodi za soketi hii zimetengenezwa kwa aina mbili, za DDR4 na za DDR5, na mara nyingine majina yanatofautiana kwa herufi mbili tu mwishoni, kama D4. Vijiti vya DDR4 haviingii kwenye nafasi ya DDR5. Angalia maandishi kwenye boksi na kwenye ubao wenyewe kabla ya kulipa. Na ukishawishiwa kuchukua prosesa za daraja la juu za kizazi cha 13 au 14 zilizotumika, kumbuka kwamba mwaka 2024 Intel ilikiri baadhi yake zilikuwa zikiharibika kwa kupewa volteji kubwa mno, ikatoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Kizazi cha 12 hakimo kwenye tatizo hilo.

AM5, iliyotoka Septemba 2022, ndiyo yenye safari ndefu mbele. AMD imeahidi kuiendeleza angalau hadi mwaka 2027, na prosesa kama Ryzen 5 7500F au 7600 zina kasi kubwa kuliko zote zilizotajwa hapo juu za bei ya kati. Kikwazo chake ni kwamba inapokea DDR5 peke yake. Kuanzia miezi ya mwisho ya 2025 bei ya RAM duniani imepaa, kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili bandia. Hali ilifika mahali ambapo Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuacha kabisa biashara ya Crucial, chapa yake ya RAM na SSD kwa wateja wa kawaida. Katika hali hiyo, vijiti viwili vya DDR4 ulivyonavyo tayari ni mali. Prosesa na mazabodi zitakazovitumia zina faida ya bei ambayo AM5 haiwezi kuifikia kwa sasa.

Namna ya kusoma mazabodi

Anza na eneo linaloizunguka soketi. Hapo ndipo umeme wa volti 12 kutoka pawasaplai hushushwa hadi volti moja na kitu inayotumiwa na prosesa. Mazabodi nzuri ina mabati ya kupozea joto juu ya vipande vinavyofanya kazi hiyo. Kwa prosesa ya wati 65 hata ubao wa kawaida unatosha, lakini ukitarajia kuweka prosesa ya viini vinane baadaye, mabati hayo ni ya lazima, na katika joto la mwambao umuhimu wake unaongezeka.

Fuata tundu la kadi ya michoro. Si kadi zote zinazotumia njia zote 16 za tundu hilo. RX 6600 hutumia nane, na RX 6500 XT na RX 6400 hutumia nne tu. Kadi ya njia nne kwenye PCIe 4.0 huvuta vizuri, lakini ukiiweka kwenye mazabodi ya PCIe 3.0 upana unapungua nusu na fremu zinaanguka kwenye magemu yanayojaza kumbukumbu ya kadi. Mwenye RX 6500 XT asichague B450, A520 wala prosesa ya 5500. Kwake B550 na 5600, au LGA1700, ndiyo jibu. Mwenye RX 580 au GTX 1660, kadi za njia 16, hana haja ya kulipia PCIe 4.0.

Mwisho ni BIOS. Mazabodi iliyotengenezwa kabla ya prosesa yako haiitambui mpaka isasishwe. Baadhi zina kitufe cha kusasisha kwa kutumia flashi pekee, bila prosesa. Hiyo ni sifa yenye thamani kubwa kwa mnunuzi wa mtumba. Kama haipo, muombe muuzaji aisasishe mbele yako kwa prosesa ya zamani. Na usisasishe BIOS bila UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza isiwake tena. Fridge guard inasaidia umeme unapopanda au kushuka, lakini haihifadhi umeme wa kukuvusha pale unapokatika.

Ukifika dukani

Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa. Kwenye LGA1700 na AM5 ziko ndani ya soketi ya mazabodi. Funua, mulika kwa tochi ya simu, tazama kwa pembe kama mistari imenyooka. Pini moja iliyopinda inaweza kuua njia nzima ya RAM. Taka kuona kompyuta ikiwaka hadi kwenye BIOS, jaza nafasi zote za RAM uone kama zote zinasomeka, kisha fungua programu ya CPU-Z kuthibitisha jina la prosesa. Ukishafika nyumbani, washa XMP, mpangilio wa kasi ya RAM, kwenye BIOS. Bila hiyo RAM iliyoandikwa 3200 huweza kukimbia kwa 2133 au 2400, na kasi uliyoilipia inakaa bure.

Usibane fedha kwenye pawasaplai. Ile isiyo na jina, yenye uzito mwepesi na maandishi ya wati 500, ikiharibika inaweza kuondoka na mazabodi pamoja na kadi. Yenye alama ya 80 Plus kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, hata ya wati 450 au 550, inatosha kwa Ryzen 5 5600 na kadi kama RX 6600.

Uamuzi

Una AM4 ya zamani? Nunua prosesa peke yake, Ryzen 5 5600, baada ya kuhakiki BIOS. Una mashine ya ofisi na bajeti ya kipande kimoja? Weka i7 ya soketi hiyo hiyo, uishie hapo. Unajenga upya na una DDR4? Ryzen 5 5600 na B550, au Core i5-12400F na mazabodi ya DDR4, ile utakayoipata kwa bei nzuri na yenye dhamana ya maandishi. Huna RAM kabisa na unaweza kusubiri? Pima jumla ya AM5 dhidi ya AM4 siku ya kununua, na kama tofauti ni zaidi ya bei ya kupanda daraja moja la kadi ya michoro, baki AM4 na uweke tofauti hiyo kwenye kadi.

Kabla ya kutoa hata shilingi, andika namba ya modeli ya mazabodi yako, fungua orodha ya prosesa inazokubali, na uende dukani na karatasi hiyo mkononi. Muuzaji anajua kilichopo kwenye rafu zake. Soketi iliyopo nyumbani kwako unaijua wewe.